Tamko Kuhusu Malezi ya Vijana Wetu Kuelekea Daraja la Kwanza la Raga ya Ligi





Sisi, wazazi, makocha wa kujitolea na wahudumu wa vijana tunaozungumza Kiswahili katika vitongoji vya magharibi mwa Sydney, tumeshauriana katika chama chetu na kuafikiana kutoa tamko hili kuhusu watoto wetu wanaocheza raga ya ligi. Wengi wetu tulifika Australia kutoka Kongo na Burundi, baada ya miaka kambini Tanzania, Kenya na Uganda. Kandanda tulikuja nayo. Raga ya ligi tuliikuta hapa, katika viwanja vya shule na vya mtaa, na watoto wetu waliipenda kabla sisi hatujazijua kanuni zake. Sasa baadhi yao wanaitwa kwenye vikosi vya vijana vya klabu kubwa, na majumbani mwetu yameingia mambo tusiyoyazoea: mikataba, mawakala, maombi ya ruhusa maalumu.

Msimamo wetu ni huu. Siku ya kijana kucheza mechi yake ya kwanza ya daraja la kwanza ipangwe kwa kutazama mwili wake, akili yake na masomo yake. Isipangwe na soko la klabu, wala ada ya wakala, wala madeni ya familia. Sababu zetu na madai yetu tunayaeleza hapa chini.

1. Mchezo na ngazi zake

Ndugu zetu walioko nyumbani wanaijua zaidi raga ya watu 15, au ile ya watu saba iliyoipa Kenya jina duniani. Raga ya ligi huchezwa na watu 13 kila upande kwa dakika 80, na timu yenye mpira ikishakabwa mara sita huusalimisha kwa wapinzani. Ilizaliwa tarehe 29 Agosti 1895 mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, klabu za miji ya viwanda na migodi zilipojitenga na chama cha raga kilichokataa wachezaji wafidiwe ujira walioukosa kwa kuacha kazi kwenda kucheza. Ni mchezo ulioanza kwa hoja ya haki ya mfanyakazi, na sisi hatuoni aibu yoyote kijana wetu akilipwa kwa jasho lake. Ligi ya Sydney ilianza mwaka 1908. NRL, ligi kuu ya sasa, ilianza mwaka 1998.

Katika jimbo la New South Wales (NSW), mvulana hupanda kutoka klabu ya mtaa hadi Kombe la Harold Matthews kwa walio chini ya miaka 17, kisha SG Ball kwa walio chini ya 19, kisha Jersey Flegg kwa walio chini ya 21. Juu ya hapo lipo Kombe la NSW, ambako timu za akiba za klabu kubwa huchezesha watu wazima, na ndipo inapofuata NRL, ambayo ndiyo daraja la kwanza. Wasichana wana Kombe la Lisa Fiaola na Kombe la Tarsha Gale, na juu yake ligi ya wanawake, NRLW, iliyoanza na timu nne mwaka 2018 na kufikia timu 12 mwaka 2025.

Mzazi aijue na hesabu ya kileleni. NRL ina klabu 17, na kila klabu ina kikosi kikuu cha wachezaji 30. Hizo ni nafasi 510, na nyingi kati yake tayari zina mwenyewe mwenye mkataba wa miaka kadhaa. Maelfu ya vijana wanazitazama nafasi hizo kutoka Sydney, Brisbane, Auckland, Port Moresby na visiwa vya Pasifiki. Tunayasema haya mapema kwa sababu watoto wengi watakaovaa jezi ya SG Ball hawataivaa ya NRL. Mfumo wa malezi unaomfikiria yule mmoja tu atakayefika umewasahau wengine wote.

2. Mchezo wenyewe umekwisha kutufundisha

Kuanzia mwaka 2008 hadi 2017 kulikuwa na mashindano ya kitaifa ya vijana chini ya miaka 20. Mechi zao zilichezwa kabla ya mechi za wakubwa na kuonyeshwa kwenye televisheni. Trai zilifungwa kwa wingi na majina yakavuma. Lakini kijana alikuwa anacheza na rika lake tu, na alipopandishwa alikutana na mwanamume wa miaka 28 mwenye mwili uliokwisha kukomaa na ujanja wa misimu kumi. Pengo hilo lilikuwa moja ya malalamiko makubwa dhidi ya mashindano hayo. Mwaka 2018 yaliondolewa, na vijana wakarudishwa kwenye mashindano ya majimbo, karibu na timu za akiba. Kwetu sisi somo lake liko wazi: kabla ya mechi ya kwanza ya daraja la kwanza, kijana awe amewahi kukabwa na watu wazima, tena kwa muda wa kutosha, mahali ambapo kosa lake halitazamwi na nchi nzima.

Mfano mzuri tunao hapa kwetu magharibi. Penrith Panthers walitwaa ubingwa wa NRL mara nne mfululizo, kuanzia 2021 hadi 2024, na mwaka 2022 klabu hiyo ilishinda ngazi zote nne kwa pamoja: SG Ball, Jersey Flegg, Kombe la NSW na NRL. Mhimili wa timu ile walikuwa vijana wa wilaya yenyewe. Jarome Luai, Brian To'o na Stephen Crichton walikulia maeneo ya Mount Druitt, ambako baadhi yetu tunaishi.

Tunawaomba wazazi wamtazame Luai sambamba na mwenzake Nathan Cleary. Walikuwa waongoza mashambulizi wawili wa timu moja, na mataji yote yale manne waliyatwaa pamoja. Cleary alicheza mechi yake ya kwanza ya NRL mwaka 2016 akiwa na miaka 18. Luai alicheza ya kwake mwaka 2018 akiwa na miaka 21. Klabu ileile, ngazi zilezile, na miaka mitatu ya tofauti ya umri. Anayemwona mwana wa jirani akiitwa na kuanza kuuliza wa kwake ana kasoro gani, aikumbuke tofauti hiyo.

Yuko pia Nicho Hynes, aliyecheza Kombe la Queensland, lenye ngazi sawa na Kombe la NSW, akiwa na timu za Mackay na Sunshine Coast kabla ya kupata mechi yake ya kwanza ya NRL katika klabu ya Melbourne Storm mwaka 2019, umri wake ukiwa umeshapita miaka 22. Miaka mitatu baadaye, akiwa Cronulla, alitunukiwa medali ya Dally M ya mchezaji bora wa ligi. Justin Olam wa Papua New Guinea alianza NRL mwaka 2018 akiwa na miaka 24. James Tedesco aliumia vibaya goti katika mechi yake ya kwanza kabisa, mwanzoni mwa msimu wa 2012, na mwaka ule ukaishia hapo. Klabu yake ilimsubiri, na baadaye akawa nahodha wa Australia.

Kwa upande wa pili kuna habari ya Joseph Suaalii. Kanuni ilitaka mchezaji awe ametimiza miaka 18, lakini mwaka 2021 tume inayosimamia mchezo ilimpa ruhusa maalumu, na mwezi Mei mwaka huo akaingia daraja la kwanza akiwa na miaka 17. Baada ya mechi tano aliumia mguu na msimu wake ukaisha. Hatusemi umri ndio uliomuumiza, kwa maana hata mkongwe huumia. Yeye alirudi mwaka uliofuata akang'ara, na baadaye akahamia raga ya watu 15. Tunachosema ni kwamba alikuwa na klabu tajiri, madaktari na macho ya taifa zima yakimlinda. Mtoto wa kawaida wa Blacktown au Fairfield hana ulinzi huo, na hatutaki ruhusa iliyotolewa kwa kipaji cha pekee igeuke kuwa matarajio ya kila nyumba.

3. Haraka inatoka wapi

Inatoka kwanza sokoni. Mchezaji aliyebakiza msimu mmoja katika mkataba wake huruhusiwa kuanza mazungumzo na klabu nyingine tarehe 1 Novemba. Klabu ikihofia kumpoteza kijana, chambo rahisi kuliko vyote ni kumwahidi daraja la kwanza. Ahadi hiyo hutolewa na mtu wa usajili, ambaye kesho huenda asiwepo. Atakayeibeba uwanjani ni mtoto.

Inatoka pia kwa mawakala. Wapo waadilifu, na tunawashukuru. Wapo pia wanaofika sebuleni kwetu wakati mtoto ana miaka 14, wakaongea na baba kwa Kiingereza cha haraka, kisha wakaweka karatasi mezani. Mama anayejua ratiba ya shule, chakula na usingizi wa mtoto huwa jikoni, hajaulizwa neno.

Na inatoka nyumbani. Hili tunalisema kwa heshima zote kwa wazee wetu. Familia zetu zina watu Uvira, Bukavu, Bujumbura na kambini Nyarugusu wanaosubiri simu ya mwisho wa mwezi. Baba anafanya zamu ya usiku ghalani, mama anatunza wazee, na bado pesa hazitoshi. Habari ya kijana kuitwa na klabu ikivuma, mjomba aliyeko mbali huanza kuhesabu ada za shule za watoto wake. Ndugu zetu wa Pasifiki, ambao kizazi chao sasa kinakaribia nusu ya wachezaji wa NRL, wanaujua mzigo huu kwa undani kuliko sisi. Kijana anayeingia uwanjani akiamini kwamba akiangusha mpira ameuangusha ukoo mzima hachezi tena. Na klabu ikimwacha akiwa na miaka 20, anaona haya hata kurudi nyumbani.

Haya si maneno ya kutiana hofu. Mwaka 2013 mchezo huu uliwapoteza vijana wawili wa miaka 20, waliokuwa wakipita katika ngazi hizi, kwa kujitoa uhai. Sababu za msiba wa namna hiyo ni nyingi na hakuna wa kunyooshewa kidole. Wajibu ulio mikononi mwetu ni kuhakikisha kijana ana mtu wa kumwambia ukweli siku ambayo mambo yamemwendea kombo, na kwamba mtu huyo hahusiki kabisa na uteuzi wa timu.

4. Madai yetu

Kwa hiyo tunaziomba klabu, vyama vya majimbo na NRL mambo yafuatayo:

(a) Timu ya akiba iwe njia ya kawaida. Kijana acheze Kombe la NSW au Kombe la Queensland hadi kocha wa timu hiyo, daktari na msimamizi wa ustawi wake wote wakubali kwamba yuko tayari. Majeruhi wa wakubwa wasiwe sababu pekee ya kumpandisha mtoto.

(b) Kanuni ya miaka 18 ilindwe. Ruhusa maalumu ikitolewa, itolewe kwa maandishi na kwa sababu za kitaalamu, na mzazi aelezwe kwa lugha anayoielewa, kwa mkalimani ikibidi. Mtoto asiwe mkalimani wa mkataba wake mwenyewe.

(c) Ukomavu usipimwe kwa tarehe peke yake. Vikundi vya umri hukatwa tarehe 1 Januari, hivyo aliyezaliwa Januari anaweza kumzidi mwenzake wa Desemba kwa karibu mwaka mzima. Mkubwa wa mwili huchaguliwa mapema, mdogo hukata tamaa, na wakifika miaka 19 wamelingana. Kwetu liko na jingine. Wakimbizi wengi waliofika bila cheti cha kuzaliwa waliandikiwa tarehe hiyohiyo ya 1 Januari. Tunawaomba makocha wasiwarushie watoto hawa maneno ya kejeli kuhusu umri, na watumie vipimo vya ukuaji vinavyofahamika kupanga mazoezi ya uzito na mechi za kugongana.

(d) Kichwa kwanza. Tunaunga mkono hatua zilizokwisha kuchukuliwa: tangu 2023 mchezaji wa NRL aliyethibitika kupata mtikisiko wa ubongo hupumzishwa angalau siku 11, na watoto wa chini ya miaka sita hucheza msimu mzima bila kuangushana. Kwa vijana, mwongozo wa mwaka 2024 wa Taasisi ya Michezo ya Australia unataka zisipungue siku 21 kabla ya kurudi kwenye mechi ya kugongana. Tunataka siku hizo zihesabiwe bila punguzo hata kama ni wiki ya fainali, na mbinu salama ya kukaba ifundishwe na kupimwa katika kila ngazi kabla ya kasi na nguvu.

(e) Shule isiguswe. Mitihani ya mwisho ya sekondari ya New South Wales hufanyika Oktoba na Novemba, miezi ambayo vikosi vya vijana huanza kujiandaa kwa msimu mpya. Ratiba ya klabu ipishe mtihani. Mashindano ya kitaifa ya zamani yalikuwa na sharti kwamba kila mchezaji awe anasoma au anafanya kazi. Mashindano yameondoka, na sharti lake lilistahili kubaki katika kila mkataba wa kijana. Fundi umeme anayecheza Kombe la NSW jioni ana maisha yake, aitwe juu asiitwe.

(f) Imani na desturi ziheshimiwe. Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, katikati ya msimu wa Harold Matthews na SG Ball. Kijana aliyefunga apangiwe mazoezi mazito baada ya futari, anywe maji ya kutosha usiku, na asihesabiwe kuwa mvivu.

(g) Wasichana wapewe ngazi kamili. NRLW imekua upesi kuliko maandalizi ya chini yake. Msichana wetu asivuke kutoka kikosi cha vijana hadi ligi kuu kwa hatua moja kwa sababu tu nafasi zimeongezeka. Apewe makocha, madaktari na jimu kwa saa zilezile anazopewa kaka yake.

(h) Kuachwa kuwe na utaratibu. Klabu inayomwacha kijana imweleze ana kwa ana pamoja na mzazi wake, impe ripoti ya maandishi ya alichojifunza na anachohitaji, na imhudumie kiafya na kisaikolojia kwa mwaka mmoja zaidi. Aliyeumia akiitumikia klabu asiachwe kabla hajapona.

5. Ahadi zetu

Hatuwezi kudai bila kujifunga wenyewe. Chama chetu kinaahidi yafuatayo:

Kwanza, hakuna mwanachama wetu atakayetia saini karatasi ya wakala siku ileile aliyoletewa. Tutaisoma pamoja, tutahakikisha wakala amesajiliwa na NRL, na tutatafuta ushauri wa chama cha wachezaji, RLPA, au wa mwanasheria.

Pili, fedha za kijana zitakuwa za kijana. Familia itakayohitaji msaada wa kutuma nyumbani itaukuta katika mfuko wetu wa kusaidiana kama ilivyo kawaida yetu katika misiba na harusi, na mkataba wa mtoto hautawekwa rehani kwa ndugu yeyote.

Tatu, mama na mashangazi watakaa mezani katika kila kikao na klabu. Wao ndio wanaojua kama mtoto analala, kama anakula, na kama amenyamaza kuliko kawaida yake.

Nne, tutawapa nafasi vijana walioachwa na klabu wawe makocha wasaidizi na waamuzi katika viwanja vyetu, wakitaka. Wanaijua njia, na wadogo zao watawasikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi.

Tano, tutaacha kumtangaza mtoto mitandaoni kama nyota wa kesho kabla hajacheza hata mechi moja na watu wazima.

6. Hitimisho

Tunazitambua klabu zinazofanya mengi ya haya tayari, na makocha wa mitaa wanaowachukua watoto wetu kwa magari yao wenyewe na kuwarudisha usiku. Tamko hili halikuandikwa dhidi yao. Limeandikwa ili wanachokifanya kwa hiari kiwe utaratibu wa wote.

Tunawaalika viongozi wa klabu za magharibi mwa Sydney wakutane nasi kabla ya uteuzi wa vikosi vijavyo vya vijana, ili madai haya yajadiliwe moja baada ya jingine, yenye gharama yakadiriwe na yasiyo na gharama yaanze mara moja. Baada ya hapo, kila mwisho wa msimu tutaiuliza klabu maswali mawili. La kwanza: waliopandishwa daraja la kwanza mwaka huu walipitia wapi, na kwa muda gani? La pili: walioachwa mwaka huu wako wapi leo, na nani kati yenu aliongea nao mwezi uliopita? Klabu yenye majibu ya maswali yote mawili itapata watoto wetu na baraka zetu. Isiyo na jibu la swali la pili, tutawashauri wazazi wapeleke watoto wao kwingine.

Tamko hili limetolewa na Kamati ya Utendaji kwa niaba ya wanachama wote.

Sydney, Australia